Je, Mti Haupitishi Umeme? Juu ya Kufundisha Vipitishi na Vihami

Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha aghalabu hulipenda somo la vipitishi na vihami vya umeme. Zana zake hazina gharama: betri mbili za tochi, balbu moja, vipande vitatu vya waya na kikapu cha vitu vilivyookotwa njiani asubuhi. Mwalimu huchora ubaoni jedwali la safu mbili. Msumari ukiwekwa kati ya ncha za waya, balbu huwaka, na msumari huandikwa upande wa kushoto. Kijiko na sarafu huufuata. Mti, mpira, kitambaa, kioo na plastiki havikuwasha balbu, basi huandikwa upande wa kulia. Watoto hunakili, kengele hulia, na kila mtu huondoka ameridhika. Sisi tukaao nyuma ya darasa na daftari la ukaguzi tumeliona somo hili mara nyingi, na mara nyingi tumelipa alama nzuri. Siku hizi tumeanza kulitilia shaka, nasi twapenda kuwaeleza wanachuo wetu sababu ya shaka hiyo.

Sababu hiyo hatukuipata darasani. Tuliipata katika kijiji kimoja cha wavuvi kilichoko kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo, asubuhi ya siku iliyofuata tufani ya masika. Waya uliotoka nguzoni kwenda kwenye nyumba moja ulikuwa umekatika na kuanguka karibu na mahali panapoegeshwa mitumbwi. Kijana mmoja wa darasa la sita, mwenye nia njema kabisa, alichukua upondo wa mkoko uliokuwa umelala ndani ya mtumbwi wenye maji, akaenda kuusukuma ule waya kando ili wadogo zake wapite. Mzee mmoja, fundi wa mashua, alimpigia ukelele hata akasimama. Mzee akamwuliza alikuwa akitaka kufanya nini. Kijana akajibu kwa adabu: "Shikamoo babu. Mti haupitishi umeme. Tumefundishwa." Mzee akamwambia, "Marahaba. Huo umelala majini usiku kucha, mjukuu wangu. Si mti tena huo, ni maji ya bahari."

Hakuna aliyeumia siku ile. Lakini tulipouliza shuleni, tuliona daftari la kijana yule, na jedwali lilikuwamo, safi, limesahihishwa kwa wino mwekundu na alama ya vema. Alikuwa amejifunza barabara kile alichofundishwa. Kosa basi halikuwa lake.

Tuanze na balbu yenyewe, maana ndiyo tuliyoifanya hakimu katika somo letu, na ni hakimu asiye na macho makali. Balbu ya tochi ya kawaida yahitaji mkondo wa miliampea 200 hadi 300 ndipo iwake vizuri. Mkondo ulio chini sana ya hapo hupita ndani yake bila dalili yoyote. Sasa tufikirie mwili wa mtoto ambaye mikono yake imelowa maji ya chumvi. Ukinzani wa mwili wa mtu, ngozi ikiwa kavu, waweza kufika omu 100,000. Ngozi ikilowa, waweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Gawa volti 3 za betri zetu mbili kwa omu 1,000: utapata miliampea 3. Balbu haitawaka, na mwalimu ataandika kwamba mtu hapitishi umeme. Gawa volti 230 za nyumbani kwa omu zile zile 1,000: utapata miliampea 230. Miliampea 30 tu zikipita kifuani zaweza kuzuia pumzi. Mwili ni ule ule na ukinzani ni ule ule; kilichobadilika ni nguvu inayosukuma. Balbu haikusema uongo, ila tuliuliza swali dogo tukaandika jibu kubwa.

Hapa ndipo hatuna budi sisi wenyewe kujua mambo yalivyo ndani ya vitu hivi, hata kama hatutamwambia mtoto wa darasa la tano yote tunayoyajua. Katika shaba, kila atomu huachilia elektroni yake moja ya nje, nayo huwa haimilikiwi tena na atomu yoyote. Kipande cha shaba chenye ukubwa wa sentimita moja ya ujazo kina elektroni huru za namna hiyo zipatazo 85 ikifuatwa na sufuri 21. Betri haiziumbi elektroni hizo wala haizimimini ndani ya waya kama maji katika mtungi mtupu. Zimo humo tangu zamani. Betri huzisukuma tu. Tena mwendo wake ni wa polepole mno, kwani katika waya wa nyumba aghalabu hazitembei hata milimita moja kwa sekunde.

Mtoto mwerevu atauliza: mbona basi taa huwaka mara tu swichi ibonyezwapo? Mfano wa bomba la maji umetumika sana vitabuni, lakini kwa watoto wa pwani tunaupenda zaidi mfano wa watu wanaoivuta mashua kuipandisha mchangani. Kamba ni ndefu na wavutaji wanajikokota, hatua moja baada ya nyingine. Hata hivyo, mara wavutapo, mashua iliyo mwisho wa kamba husikia. Haingoji mpaka mkono wa mvutaji umfikie. Elektroni za waya nazo husukumana hivyo hivyo, zote kwa pamoja, tangu swichini hata kwenye taa. Kila mfano una mahali unapochoka, na huu huchoka tunapofika kwenye mzunguko, kwa sababu kamba ya mashua ina ncha mbili na njia ya umeme lazima irudi ilikoanzia. Mwalimu na aliseme hilo waziwazi badala ya kuuficha upungufu wa mfano wake.

Katika kauri, kioo na mpira, elektroni zimeshikwa. Kila moja ina nyumba yake na haitoki kwa msukumo mdogo. Msukumo ukizidi mno hutoka kwa vishindo, na ndiyo maana hata hewa, ambayo ni kihami chema, husalimu amri inapokabiliwa na volti zipatazo 30,000 kwa kila sentimita moja ya nafasi. Radi ni ushahidi wa jambo hilo, na lugha yetu imefanya vyema kuliita jambo lile la mawinguni na lile la ndani ya waya kwa neno moja, umeme.

Kuna njia ya tatu ambayo vitabu vingi vya shule ya msingi huiruka, nayo ndiyo iliyo muhimu kuliko zote kwa mtu akaaye pwani. Umeme waweza pia kubebwa na ioni, yaani atomu zilizopoteza elektroni au kuzipata za ziada. Chumvi imejengwa kwa ioni tupu. Lakini katika punje kavu ya chumvi ioni zimefungwa mahali pake kama matofali ukutani, haziwezi kwenda popote. Itie majini, nazo hufunguka na kuogelea. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ipatayo gramu 35, na hiyo yatosha kuyafanya maji hayo kuwa kipitishi kinachopaswa kuogopwa.

Mwalimu aliyepangiwa shule ya Bagamoyo hana haja ya kutafuta zana mbali. Na awapeleke watoto Nunge kwenye mabwawa ya kukaushia chumvi, ambako maji ya bahari huingizwa na kuachwa juani mpaka chumvi itue chini. Warudi na chumvi kavu katika karatasi na maji ya bwawani katika chupa. Siku hiyo balbu ya tochi iwekwe kando. Fundi redio yeyote mjini ana redio mbovu. Mwombeni kile kitaa kidogo chekundu kiitwacho LED, pamoja na rezista moja ya omu 330. Fungeni betri nne mfululizo, rezista, kisha kitaa, mguu wake mrefu ukielekea upande chanya wa betri. Kitaa hiki huonekana kwa mkondo ulio chini hata ya miliampea moja, hivyo ni hakimu mwenye macho kuliko balbu.

Wekeni ncha mbili za waya ndani ya chumvi iliyokaushwa vizuri juani: kitaa hakiwaki. Dondosheni juu yake matone machache ya maji: kinawaka. Jaribuni maji ya mvua yaliyokingwa chomboni: kitafifia sana, au kitaonekana kwa mbali tu mkikitia kivuli. Jaribuni maji ya bwawani: kitawaka vizuri, na vipovu vitatokea kwenye ncha za waya. Msiyaache majaribio hayo ya maji ya chumvi yaendelee kwa muda mrefu, na madirisha yawe wazi, kwa kuwa mojawapo ya gesi zinazotoka ni klorini, ambayo mtoto ataitambua kwa harufu ya dawa ya kung'arishia nguo. Kisha chukueni kijiti kikavu cha mkoko na kingine kilicholala usiku kucha katika maji ya bahari. Chomekeni ncha za waya katika kila kimoja, zikiwa zimeachana kwa sentimita moja tu, na mkitie kitaa kivuli. Tungependa kila mtoto aone kwa macho yake kitaa kile kikiwaka, japo kwa mbali, kwa njia ya kijiti. Hapo jedwali la safu mbili litavunjika lenyewe bila ya mwalimu kusema neno.

Kwa safu ipi basi tutauandika mti? Maoni yetu ni kwamba jedwali lipewe safu ya tatu, yenye kichwa "katika hali gani". Mti, mkavu. Mti, uliolowa. Chumvi, kavu. Chumvi, majini. Ngozi, kavu, kwa betri nne. Mtoto akizoea kuuliza hali ya kitu kabla ya kukihukumu, amekwisha kujifunza sehemu kubwa ya sayansi, na tena amepata kinga. Pamoja na hayo aambiwe bila kuzungushazungusha kwamba waya ulioanguka hausogelewi, haugusiwi kwa mti wala kwa kitu chochote. Kila mtu akae mbali, mita kumi au zaidi, na watu wazima waite wahusika wa umeme. Wala jaribio lolote la darasani lisitumie umeme wa ukutani, hata mwalimu awe fundi namna gani.

Wakitoka Nunge, na wasimame chini ya nguzo ya umeme wautazame juu. Wataona vile vikombe vya kauri vinavyozishika waya, na wataona kwamba vingi vina mikunjo kama sketi zilizopandana. Waulizwe: kwa nini fundi hakukifanya kikombe kuwa laini, ambacho ni rahisi zaidi kukiunda? Waachwe wabishane. Jibu lake ni la hapa hapa. Upepo wa bahari hubeba chumvi na kuipaka juu ya kauri. Mchana chumvi hiyo ni kavu na haina madhara. Alfajiri umande ukiilowesha, huwa utando unaopitisha umeme, na umeme huanza kutambaa juu ya kikombe kuelekea nguzoni, wakati mwingine kwa mvumo na cheche. Mikunjo huirefusha njia hiyo, na upande wake wa chini hubaki mkavu. Kauri yenyewe haikubadilika hata chembe, ila uso wake umevaa vazi jingine.

Tumezungumza sana juu ya maji, nasi tusingependa wanachuo wadhani kwamba somo hili ni la tahadhari tupu. Lina historia, na sehemu ya historia hiyo ilipita Bagamoyo. Katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa katika ardhi ya Mrima ilikuwa bidhaa kubwa ya pwani hii, nayo ilisafirishwa kupitia Unguja hadi Marekani na Ulaya kutengenezwa vanishi. Sandarusi ni utomvu wa kale uliogeuka mgumu, ndugu wa kaharabu. Ukipata kipande, kisugue kwa kitambaa kikavu kisha kisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi, navyo vitarukia. Wayunani waliijua tabia hiyo katika kaharabu, na jina lao la kaharabu ndilo lililozaa neno "elektroni". Waajemi waliiita kaharabu kwa neno lenye maana ya "mnyang'anya majani makavu". Waarabu wamelichukua neno hilo hilo, na leo ndilo jina lao la umeme. Neno letu kaharabu limetoka katika ukoo huo. Mwalimu akikosa sandarusi, kalamu ya plastiki yatosha, ila tungesikitika kidogo kuona kalamu ikitajwa Bagamoyo na sandarusi ikisahauliwa.

Onyo moja: jaribio hilo hushindwa mara nyingi wakati wa masika, kwa sababu hewa ina unyevu na utando wa maji juu ya kipande huuvujisha umeme wote. Lifanyeni mchana wa kipupwe. Likishindwa, msiwaombe watoto radhi; waulizeni umeme umekwenda wapi.

Swali hilo la umeme kwenda wapi ndilo lililomfikisha Mwingereza Stephen Gray, mtu aliyekuwa zamani mtia rangi vitambaa, kwenye ugunduzi wa vipitishi na vihami mwaka 1729. Yeye na rafiki yake Granville Wheler walikuwa wakisafirisha umeme wa kusugua kwa njia ya ugwe mrefu wenye tufe la pembe ya ndovu mwishoni, na ugwe huo waliuning'iniza kwa nyuzi nyembamba za hariri. Walidhani umeme hauvuji kwa sababu hariri ni nyembamba. Uzi ulipokatika kwa uzito, waliweka mahali pake waya wa shaba nyeupe, mwembamba vile vile lakini wenye nguvu. Tufe likaacha kabisa kuvuta. Ndipo walipotambua kwamba unene haukuwa sababu, bali aina ya kitu. Hawakuwa na orodha ya kukariri. Walikuwa na uzi uliokatika na matokeo ambayo hawakuyatazamia, na walikuwa na hekima ya kutoyapuuza.

Ujuzi huo ndio uliowezesha waya wa simu kulazwa chini ya bahari. Unguja iliunganishwa na Aden mwaka 1879, na mwaka 1890 waya mwingine ukalazwa kutoka Unguja hadi Bagamoyo na Dar es Salaam. Katika miaka ile shaba ya waya za baharini ilivishwa gataperka, utomvu wa miti ya Malaya na visiwa jirani, kwa kuwa utomvu huo haulowi na haugeuki mbovu majini kwa haraka. Bila vazi hilo bahari yenyewe ingeunywa umeme wote kabla habari haijafika ng'ambo.

Wenzetu wengine wametupinga, na hoja zao si za kudharauliwa. Wanasema darasa lina watoto 80, kipindi ni kifupi, na mtihani huuliza "taja vihami vitatu", hauulizi hali ya kihami. Mtoto mdogo, wanasema, hupewa kwanza lililo jepesi. Twakubali kwamba siku ya kwanza jedwali la safu mbili lina kazi yake. Twakubali pia kwamba mtoto lazima afaulu mtihani wake, na "mti mkavu" ni jibu ambalo hakuna msahihishaji atakayelikata. Tusilolikubali ni kumwacha mtoto na jepesi lisilo kweli. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo zimefika vijiji vingi ambavyo wazee wake walizeeka kwa koroboi. Watoto wa vijiji hivyo hawana baba wala mama aliyekua na umeme wa kuwaambia usiguse hiki, ogopa kile. Wana mwalimu.

Katika mazoezi ya hivi karibuni mwanachuo mmoja alilijaribu jedwali la safu tatu. Kipindi hakikumtosha, na kwa kanuni za maandalio ya somo tulipaswa kumpunguzia alama. Watoto walikuwa wamejaribu risasi ya penseli, iliyowasha kitaa, na kijiti cha kaboni kutoka betri iliyokwisha, nacho pia. Kisha mtoto mmoja alitoa kipande cha mkaa, kitaa kikawaka. Jirani yake akatoa kipande cha mkaa wake, kitaa kikakataa. Kelele zikazuka, kila upande ukidai kwamba mwenzake ameshika waya vibaya. Mwanachuo alitutazama sisi tulioketi nyuma, kisha akawageukia wanafunzi, akawaambia waandike mkaa mara mbili, na katika safu ya tatu waache nafasi wazi mpaka kesho, kila mmoja aje na habari ya tanuri lake lilichomwa kwa moto mkali au moto mdogo.